Aliyeachika Bila Kujua

Jumatatu, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, karani wa masjala ya mahakama alifungua rejesta ya mashauri ya ndoa ili ampe mteja wake namba ya shauri la talaka. Namba ilikuwepo tayari. Ilikuwa na umri wa miaka mitatu.

Karani aliusoma mstari ule mara mbili, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akausoma tena. Wenzake walimwita Bi Nukta, maana katika miaka ishirini na sita ya kazi alikuwa amewarudishia mawakili wazima hati zao kwa kukosa nukta moja. Hakuwa mtu wa kusoma vibaya.

"Mwanangu," alisema polepole, "umewahi kuleta maombi ya talaka hapa?"

Mwanamke aliyekuwa upande wa pili wa dirisha alikuwa mshonaji wa sare za shule, miaka thelathini na kitu, kipande cha uzi mweupe kimemnasa begani. "Hapana. Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Na cheti hiki cha ndoa ni chako?"

"Changu."

"Basi ndoa ya cheti hiki ilivunjwa miaka mitatu iliyopita, tarehe thelathini Septemba. Shauri namba sabini na tatu. Mleta maombi ni wewe mwenyewe."

Mshonaji alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeteleza mbele za watu. "Nimeachika? Siku naolewa mtaa mzima ulijua. Niachike, hata jirani asininong'oneze?"

Kwenye benchi la nyuma alikaa dada yake mkubwa, mwalimu wa darasa la pili, aliyekuja kumsindikiza akiwa amepakata madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha. Aliyafunga madaftari akasimama. "Wamekosea hawa. Mafaili ya serikali unayajua. Twende nyumbani, kichwa kinanipasuka. Tutarudi wiki ijayo."

"Dada, ngoja kwanza."

"Nakwambia twende!"

Bi Nukta aliwaomba wote wawili wakae. Majina ya watu hufanana, lakini namba ya cheti cha ndoa haifanani na nyingine. Mambo yalikuwa mawili tu. Ama mshonaji alikuwa amekula kiapo miaka mitatu iliyopita na leo anadanganya, ama kuna mtu alisimama mbele ya hakimu kwa jina lake. Yote mawili ni jinai.

Saa tatu na nusu alikuwa ofisini kwa hakimu. Hakimu alikuwa na mwaka mmoja tu kituoni hapo; aliyesikiliza shauri lile alikuwa amestaafu na kuhamia mbali kwa mwanawe.

"Kwa hiyo hakuna wa kuikumbuka sura ya huyo mleta maombi," hakimu alisema. "Nani aliyapokea maombi dirishani?"

"Muhuri ni wangu, mheshimiwa," Bi Nukta alisema. " Na saini ya mapokezi ni yangu."

Hakimu alitazama saa yake. "Saa kumi jioni jalada hili linakwenda polisi. Kama mama huyu alikula kiapo, atalala ndani. Kama hakula, wataanza na aliyepiga muhuri. Tafuta, Bi Nukta."

Alishuka kwenye ghala la majalada. Alibakiza miezi minne astaafu. Rafu ya tatu, boksi la mwaka ule, jalada namba sabini na tatu: lilikuwepo, limefungwa kwa kamba vizuri. Alilifungua juu ya meza chini ya dirisha, akapanga karatasi kwa tarehe.

Maombi, yaliyopokelewa tarehe tano Agosti. Kurasa mbili zilizopigwa chapa, saini ya mleta maombi ikiwa imepinda na kutetemeka kama ya mtoto. Aya ya sita ilisomeka: "Tarehe 28 Julai mjibu maombi alinisukuma nikaanguka, nikavunjika mkono wa kulia, ambao daktari ameufunga plasta kwa wiki nane." Herufi mbili zilizokosewa na mpiga chapa zilikuwa zimesahihishwa kwa wino mwekundu. Hapo Bi Nukta alikumbuka, na aibu ikampanda. Aliyapokea maombi yale bila kuinua macho kumtazama aliyeyaleta, kwa furaha tu ya kupata hati isiyo na kosa hata moja.

Kiapo cha mpeleka samansi: mume alikabidhiwa hati ya kumwita mahakamani tarehe kumi na nne Agosti, mkono kwa mkono. Fomu ya mahudhurio ya tarehe tisa Septemba: mleta maombi amehudhuria na kula kiapo, mjibu maombi hakutokea. Saini ya mleta maombi hapa ilikuwa nzuri, imenyooka, sawasawa na iliyo kwenye nakala ya kitambulisho. Mwisho, stakabadhi ya nakala ya talaka: imechukuliwa tarehe mbili Oktoba, saini ileile nzuri.

Bi Nukta aliziweka saini mbili ubavu kwa ubavu. Iliyotetemeka na iliyonyooka. Moja kati yake ilikuwa ya uongo, na mtu yeyote angeinyooshea kidole ile mbaya.

Saa nne na robo alimwita mshonaji peke yake kwenye chumba kidogo cha mahojiano. Mwalimu alitaka kuingia naye.

"Mimi ndiye mkubwa wake. Anapata mshtuko haraka."

"Atakuita akikuhitaji," Bi Nukta alijibu, akafunga mlango.

Alimwekea mshonaji ule ukurasa wenye saini mbaya. Mshonaji alipouona, uso ulimshuka.

"Ulisema hujawahi kuleta maombi."

"Sikuleta. Lakini hii niliiandikisha mimi." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Nilikwenda kwa yule mpiga chapa wa pale getini. Nilisaini kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa kwenye plasta. Akasema nirudi baada ya siku tatu atakuwa ametoa nakala. Sikurudi. Niliogopa."

"Ulikuwa unakaa wapi siku hizo?"

"Kwa dada. Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali usiku ule. Mwisho wa Agosti nikarudi kwa mume wangu. Dada alikasirika, wiki nzima hakunisemesha."

"Kitambulisho chako kilikuwa wapi?"

"Kilipotea wakati huohuo. Nikaja kukipata mwezi wa kumi, kwenye mkoba wa zamani."

Bi Nukta aliandika. "Na leo unaomba talaka kwa sababu gani? Amekupiga tena?"

Mshonaji alitikisa kichwa. "Hajaniinulia hata sauti. Pombe aliacha. Lakini kwa miaka mitatu hajanigusa, si kwa ubaya wala kwa wema. Analala sebuleni. Akitaka shati lake chumbani anabisha hodi. Akiniona navaa anageuka ukutani anasema 'samahani, mama.' Mama! Ada ya mtoto analipa, bomba likivuja anaziba, kisha anarudi kwenye godoro lake. Nimekuwa kama mwenye nyumba na yeye mpangaji. Nikimuuliza kuna nini, anasema 'wewe unajua.' Ana mwanamke mwingine huyu. Nimechoka kungoja aniambie."

"Alianza lini hayo?"

"Nilirudi nikamkuta ameshahamisha godoro. Mwisho wa Agosti, nimekwambia."

Kalamu ya Bi Nukta ilisimama. Tarehe kumi na nne Agosti. Mwisho wa Agosti. Wasiwasi wake ulikuwa umeanza kupata umbo, na umbo lenyewe halikumfurahisha.

Mpeleka samansi alipatikana kwenye ukumbi saa tano, akila karanga kutoka mfukoni. Alikuwa mzee mwenye sauti kubwa, na alipoelezwa kwamba huenda kiapo chake kinatiliwa shaka, karanga zilimpalia.

"Mimi? Nilimpa yeye mwenyewe! Kwenye karakana yake ya friji. Aliisoma amesimama, mpaka maji ya friji yakamlowesha miguu, asisogee. Nikamwambia weka saini, akaweka. Akaniuliza swali moja tu: 'Ameandika mwenyewe?' Nikamwambia, bwana, mimi natembeza karatasi, siandiki. Akatazama ile saini iliyopinda, akasema, 'Ndiyo. Huu ni mkono wake uliovunjika.' Akakaa chini kwenye maji yaleyale."

Mshonaji, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliyasikia yote. "Alijua!" alisema. "Miaka mitatu analala ndani ya nyumba yangu anajua tumeachana! Basi ni yeye. Alimtuma huyo mwanamke wake aje aape kwa jina langu, ili awe huru!"

"Si nilikwambia?" mwalimu alisema, akimshika mabega. "Mtu yule ni nyoka. Mwacheni mdogo wangu, mkamateni yeye."

Lilikuwa jambo la kuaminika. Hata Bi Nukta alitamani liwe kweli, kwa kuwa lingekwisha haraka. Alimpigia simu yule mume, fundi friji, akamwambia afike mahakamani kabla ya saa nane bila kukosa. Kisha akatoka getini.

Mpiga chapa wa getini alikuwa na meza chini ya mwavuli, na mdomo usiopumzika. Ilikuwa saa sita kasorobo.

"Mwenye plasta? Namkumbuka. Alilia, machozi yakaniingia kwenye mashine. Hakurudi. Lakini hati ilichukuliwa."

"Na nani?"

"Mwanamke. Alisema ni yake."

"Alikuwa na plasta?"

Vidole vya mpiga chapa vilisimama juu ya mashine. "Hapana," alisema. "Alikuwa na mwavuli mkono huu, mkoba mkono huu. Lakini alikuwa na kitambulisho, na sura zinafanana! Ningejuaje? Namkumbuka kwa kunidhalilisha. Alisoma hati yangu palepale mbele za wateja, akanisahihishia tahajia, akasema: 'Ungekuwa darasani kwangu ungekaa mbele.'"

Bi Nukta alimshukuru, akarudi ndani akitembea taratibu. Alipita mbele ya benchi. Mwalimu alikuwa ameinama tena juu ya madaftari, akiweka alama za vema na za kosa kwa wino mwekundu, na mkono wake ulikuwa umetulia kuliko mkono wa mtu mwingine yeyote kwenye ukumbi ule.

Fundi friji alifika saa saba na nusu, mikono ina grisi. Alikuwa mtu mpana aliyejikunja kana kwamba anaogopa kuchukua nafasi. Alipomwona mkewe alisimama mbali, akainamisha kichwa. "Shikamoo," alimwambia mwalimu kwanza, na mwalimu hakuitikia.

Kwenye chumba cha mahojiano alijibu kila kitu kwa maneno machache.

"Ulipata samansi?"

"Nilipata."

"Mbona hukuja mahakamani?"

"Ningekuja kubisha nini? Mkono niliuvunja mimi."

"Na talaka, uliiona?"

"Ninayo." Alitoa kwenye pochi karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo imechakaa. "Natembea nayo. Nikipita mbele ya baa naitoa, naisoma."

"Nani alikupa?"

Fundi aliikunja tena karatasi. Saa ya ukutani ilikaribia saa nane.

"Niliahidi sitasema," alisema. "Nikisema, nitatolewa nyumbani na mtoto sitamwona. Hayo ndiyo masharti yake."

"Masharti ya nani?"

"Ya mke wangu. Ya mama, namaanisha. Yeye hataki kulizungumza, linamuumiza. Aliyaleta kwa mdomo wa mtu."

"Umewahi kumsikia mwenyewe akiyatamka?"

Fundi alinyanyua macho. Alitazama mlango, akatazama karatasi, akamtazama Bi Nukta, na rangi ikamtoka usoni. "Hapana," alisema. "Hata siku moja."

Saa tisa kamili walikuwa wote ofisini kwa hakimu: mshonaji, fundi friji, mwalimu, na askari mmoja mlangoni. Hakimu alimwashiria Bi Nukta aanze.

"Shauri hili lina saini mbili," Bi Nukta alisema. "Hii mbaya ni ya kweli. Imewekwa kwa mkono wa kushoto na mtu aliyevunjika wa kulia. Plasta ilikuwa ya wiki nane kuanzia tarehe 28 Julai, hati yenyewe inasema. Kwa hiyo tarehe tisa Septemba, siku ya kiapo, plasta ilikuwepo bado. Lakini tazama saini ya siku hiyo. Imenyooka. Mshonaji asingeweza kuiandika. Aliyeiandika alikuwa na mkono mzima, akinakili kutoka kwenye kitambulisho."

"Mwanamke wa huyu bwana," mwalimu alisema.

"Nilifikiri hivyo. Lakini mwanamke wa huyu bwana angejuaje kuna maombi yaliyotelekezwa kwa mpiga chapa? Mshonaji hakumwambia mumewe. Alimwambia mtu mmoja tu, yule aliyekuwa amemhifadhi nyumbani kwake. Mtu huyo alikwenda kuyachukua akiwa na kitambulisho, akashindwa kuvumilia makosa ya tahajia. Aliyasahihisha kwa wino mwekundu." Aliuweka ukurasa mezani. "Mwalimu, nipe daftari moja la wanafunzi wako."

Mshonaji aligeuka taratibu. "Dada?"

Mwalimu hakutoa daftari. Alikaa wima kama yuko mbele ya darasa. "Halina haja," alisema. "Ni mimi."

"Dada, unasema nini?"

"Ulikuwa mdogo, wewe humkumbuki mama akirudi kwa baba. Mara saba alirudi. Kila mara mimi nilimbebea begi, tangu nina miaka tisa. Nilimtembeza kwa mikono yangu hii hadi mlangoni, naye akiniambia, 'Safari hii amebadilika.' Mara ya nane hapakuwa na begi la kubeba." Alivuta pumzi. "Ulipoandikisha maombi yale nilishukuru Mungu. Ulipoogopa, nikayapeleka kwa niaba yako, nikijua utakuja. Mwisho wa Agosti ukaniambia unarudi kwake. 'Amebadilika, dada.' Maneno yaleyale! Nikaona heri niape mimi kuliko nikuzike."

"Na mimi?" fundi aliuliza. "Ulikuja karakana na hii karatasi ukaniambia yeye ndiye aliyesema nikae kwa ajili ya mtoto, nisimguse, nisitaje kitu."

"Ulishika adabu, hukushika? Miaka mitatu hujainua mkono. Karatasi imefanya ambalo polisi wasingefanya."

"Mimi ningetii hata bila uongo!"

"Mama pia aliahidiwa hivyo!"

Hakimu aligonga meza kwa kiganja. Lakini aliyewanyamazisha ni mshonaji, ambaye alikuwa amesimama bila wao kuona. Hakupiga kelele.

"Miaka mitatu nimejiuliza nina kasoro gani," alimwambia dada yake. "Nilikuja kulia kwako kila Jumapili. Nikakwambia, dada, mume wangu ananiona kama ukuta. Ukanipikia, ukanifuta machozi, na jibu ulikuwa nalo ndani ya nyumba."

Mwalimu alifunika kalamu yake nyekundu.

"Kila nilipotaka kusema nilikuona u mzima," alisema. "Mkono mzima, meno yote. Nikasema, ngoja wiki nyingine."

Saa kumi kasoro dakika kumi, askari alimwongoza mwalimu kwenda kuandikisha maelezo. Alitoka na madaftari yake, kisha akarudi kuyaweka kwenye kiti, akaomba yafikishwe shuleni kabla ya kesho. Hakimu alimweleza mshonaji kwamba talaka iliyopatikana kwa kiapo cha mtu mwingine itafutwa, na ombi lake jipya halitapokelewa hadi hilo liishe. Je, anataka iwe hivyo?

"Nataka," mshonaji alisema. "Nirudishieni ndoa yangu kwanza. Kama ni ya kuvunjwa, nitaivunja mwenyewe."

Jalada lilichukua wiki tano, na fundi alilala karakana siku zote hizo. Bi Nukta aliandikiwa onyo kwa kupokea hati bila kumtazama aliyeileta, na tangu hapo wateja walilalamika kwamba anawakodolea macho. Mwalimu alikiri kosa la kujifanya mtu mwingine na kula kiapo cha uongo. Mdogo wake aliitwa shahidi, akasema kweli yote, pamoja na ile ya mama yao, na hakimu akatoa kifungo cha nje cha mwaka mmoja. Kazi ya ualimu ikasimamishwa.

Siku talaka ilipofutwa rasmi, mshonaji, mumewe na mwalimu walijikuta kwenye ngazi za mahakama kwa wakati mmoja. Bi Nukta aliwaona kupitia dirisha la masjala, naye, Mungu amsamehe, alisogeza kiti karibu ili asikie.

Fundi friji alikuwa amevaa shati la pasi. Alimsogelea mkewe, akasimama hatua tatu mbali kama alivyozoea. "Mama," alisema, kisha akajirekebisha, "mke wangu. Turudi nyumbani?"

"Hawezi kurudi," mwalimu alisema upesi. "Anahitaji muda, hawezi hata ku—"

"Dada." Mshonaji hakumgeukia. "Usinijibie."

Machozi yalimtoka mwalimu, akayaacha yatiririke.

Mshonaji alimsogelea mumewe hatua moja. "Uliacha pombe, nimeona," alisema. "Umelala sakafuni, nimeona. Lakini siku uliyonivunja mkono hatujawahi kuizungumza. Uliiachia karatasi. Njoo Jumamosi saa nne, mtoto akiwa kwa jirani. Uanze na siku ile, usiruke kitu. Nikimaliza kukusikia, nitakwambia ninachotaka."

"Na kama utataka niondoke?"

"Basi utaondoka," alisema. "Lakini safari hii utaambiwa na mimi."